Mlinzi wa nje: namna ya kumpima, kumpata na kumlipa katika kikosi cha NBA

Februari 2011 Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, walimpeleka Hasheem Thabeet Houston. Huyu ndiye Mtanzania wa kimo cha mita 2.21 waliyemchukua kwa chaguo la pili katika drafti ya 2009 (siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), na juu yake wakaongeza DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza. Waliyekuwa wanamtaka ni Shane Battier, winga wa miaka 32 ambaye msimu ule hakuwa akifikisha pointi 10 kwa mechi. Tayari walikuwa na Tony Allen, waliyemsajili kiangazi cha 2010. Grizzlies wakaingia mtoano wakiwa wa nane, wakawatoa San Antonio Spurs, vinara wa kanda ya Magharibi wenye ushindi 61, kwa mechi 4 kwa 2.

Kwetu biashara ile iliuma. Kwa anayeunda kikosi, ilikuwa na mantiki. Mlinzi mrefu wa chini ya ringi hufanya kazi yake vizuri pale tu walio mbele wameshampunguzia kasi mwenye mpira. Mwenye mpira akifika kwa mwendo wake wote huku wenzake wamejipanga kona zote mbili, urefu peke yake hausaidii sana.

Mlinzi wa nje ndiye huyo wa mbele: anayemkaba mwenye mpira, anayewafuata wapiga pointi tatu, anayeziba njia za pasi. Mara nyingi bei yake huwa chini ya thamani yake mpaka siku anapoanza kutajwa kwenye tuzo. Lakini thamani hiyo nayo huporomoka ikiwa kocha hathubutu kumwacha uwanjani dakika 5 za mwisho za mechi ya mtoano. Kazi yote iko katikati ya mambo hayo mawili.

Anza na hesabu

Chukua mlinzi wa dakika 30 kwa mechi. Timu ya NBA hupata takriban mashambulizi 100 katika dakika 48, kwa hiyo akiwa uwanjani wapinzani watashambulia kama mara 62. Tuseme kuwepo kwake kunawapunguzia wapinzani pointi 2 katika kila mashambulizi 100. Hiyo ni pointi 1.24 kwa mechi. Kwa makadirio yaliyozoeleka, kila pointi moja ya wastani wa tofauti kwa mechi huzaa kama ushindi 2.5 katika msimu wa mechi 82. Mlinzi wako basi anakuletea ushindi 3 na ushee.

Uugeuze uwe fedha. Kikomo cha mishahara cha msimu wa 2025-26 ni dola milioni 154.6, na timu ya wastani hushinda mechi 41. Gawanya: kama dola milioni 3.8 kwa kila ushindi. Bei halisi ya ushindi wa nyongeza iko juu kidogo ya hapo, kwa sababu hata kikosi cha wachezaji wa mshahara wa chini kabisa huokota mechi kadhaa. Mlinzi wa ushindi 3 anastahili milioni 12 hadi 14, yaani karibu sawa na ruhusa ya usajili ya ngazi ya kati (inayoiwezesha timu kusajili hata ikiwa imevuka kikomo), ambayo msimu huo ni dola milioni 14.1.

Sasa toa hasara. Kama hatupi mpira vizuri na wapinzani wanamwacha peke yake, tuseme mashambulizi yenu yanapungua pointi 1.5 kwa kila 100. Faida halisi iliyobaki ni pointi 0.5, ambayo haifikishi hata ushindi mmoja kwa msimu mzima. Mchezaji yuleyule, ulinzi uleule, ameshuka kutoka milioni 14 hadi mshahara wa chini. Hesabu hii ifanye kwa kila jina kabla hujapiga simu kwa wakala wake, na usikubali skauti akuletee upande mmoja tu.

Usinunue mmoja mara nne

Kosa la kawaida ni kukusanya walinzi wanaofanana. Kikosi kina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, lakini kwenye mtoano hucheza 8 au 9. Kati ya hao tunataka walinzi wa nje 4, kila mmoja na kazi yake.

Wa kwanza ni mkabaji wa mwenye mpira, mwenye miguu ya kasi na mwili usiosukumika. Lu Dort wa Oklahoma City ana kimo cha sentimita 193 tu lakini uzito wake unakaribia kilo 100, ndiyo maana mtu akimgonga kwa bega hasogei. Wa pili ni winga mrefu mwenye mikono mirefu, wa aina ya OG Anunoby au Herb Jones, anayeweza kupewa mfungaji mrefu bila timu kulazimika kutuma msaada. Wa tatu ni mkimbizaji: kazi yake ni kumfuata mpiga pointi tatu anayezunguka skrini baada ya skrini bila mpira (skrini ni mwenzake anayesimama kama ukuta kumziba mlinzi). Wa nne ndiye adimu kuliko wote, na hununuliwa vibaya kuliko wote. Ni msaidizi, anayesoma shambulizi sekunde moja kabla halijatokea. Derrick White na Alex Caruso ni wa kundi hili. Katika mechi ya saba dhidi ya Denver, Mei 2025, Oklahoma City walimpa Caruso, gadi (mchezaji wa nje) wa sentimita 196, kazi ya kumkaba Nikola Jokić, sentaa (mchezaji mrefu wa chini ya ringi) wa Denver, kwa sehemu kubwa ya mchezo. Wakashinda 125-93. Hakumzidi nguvu, bali aliingia mbele yake kabla pasi haijafika.

Kwa nini wanne na si mmoja bora kabisa? Kwa sababu mpinzani ndiye anayechagua wa kumshambulia. Ataweka skrini, ataweka nyingine, mpaka mlinzi wenu dhaifu ajikute amebaki na mfungaji wao. Ukiwa na nyota mmoja wa ulinzi na wawili wanaopigwa chenga, huyo nyota atasimama kona anatazama.

Skrini 20 kwenye video

Hapa ndipo mtu hutambua mlinzi, na hapa ndipo wengi huona uvivu. Chagua mechi 3 dhidi ya timu zenye mwenye mpira anayeweza kutupa pointi tatu akitoka kwenye skrini. Dhidi ya asiyetupa, mlinzi hupita chini ya skrini na hujifunzi lolote. Kusanya skrini 20 alizokutana nazo akimkaba mwenye mpira, uzitazame kwa mwendo wa polepole.

Angalia nyonga kwanza. Mlinzi mzuri, akisikia mwenzake anaita skrini, husogea mpaka karibu agusane na mwenye mpira, huvusha mguu wa mbele juu ya mguu wa mweka skrini, kisha hupitisha nyonga upande upande kwenye upenyo mwembamba. Mbovu hukutana na skrini kifua kwa kifua. Hapo ameshakufa, hata kama ana kasi ya ajabu.

Kisha hesabu midundo. Tangu skrini iwekwe, mwenye mpira amedunda mara ngapi kabla mlinzi hajarudi mbele yake au angalau ubavuni? Midundo 2 ni kazi nzuri. Ikifika 3 au 4, mlinzi mrefu yuko peke yake na watu wawili, na mwisho wake ni pasi ya juu au mtupo wa karibu.

La tatu husahaulika: mtazame mlinzi wa kona. Je, alilazimika kumwacha mtu wake ili kuziba njia? Kona ya NBA iko mita 6.7 kutoka kwenye ringi, wakati katikati mstari uko mita 7.24, kwa hiyo huo ndio mtupo wa pointi tatu ulio karibu kuliko yote. Kila mara kona inapoachwa, gharama hiyo mwandike mlinzi wa mpira, hata kama takwimu za siku hiyo zitamwandikia mtu mwingine.

Mwisho andika aina ya mtupo uliopatikana, si kama uliingia. Kuingia au kutoingia katika skrini 20 ni bahati tupu.

Kipimo chetu ni hiki: katika skrini 20, kona isiachwe zaidi ya mara 7. Aliyezidi hapo si mkabaji wa mwenye mpira, ingawa bado anaweza kufaa kama mkimbizaji au msaidizi.

Ongeza mikimbio 15 ya kumfuata mpigaji aliyepokea pasi. Unataka hatua mbili ndefu, kisha hatua fupifupi za kujizuia, mkono mmoja juu, miguu chini. Anayeruka ana madhara mawili: hupitwa kwa mdundo mmoja, au humgusa mtupaji. Faulo kwenye mtupo wa pointi tatu ni mitupo huru 3, na kwa wastani wa ligi wa karibu asilimia 78 hiyo ni pointi 2.3, takriban mara mbili ya shambulizi la kawaida. Mwenye faulo za namna hii mbili katika mikimbio 15 ana tabia mbaya, na tabia ya miguu huchukua muda kurekebishwa.

Takwimu zinazodanganya

Asilimia ya pointi tatu ya wapinzani wanaokabwa na mchezaji fulani hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka bila sababu. Mlinzi ana uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia mtupo usipigwe kuliko kuuzuia usiingie ukishapigwa. Soma idadi ya mitupo iliyoruhusiwa, uache asilimia.

Asilimia ya mitupo ya mpinzani "aliye karibu na" mchezaji fulani nayo ina kasoro kubwa: haimhesabu aliyepigwa chenga na kuachwa mita 3 nyuma, maana wakati wa mtupo aliye karibu ni mwenzake aliyekuja kumsaidia. Mlinzi mbovu hutoka msafi.

Mipira iliyoibwa ina maana zaidi, lakini iwekee hesabu. Tuseme shambulizi la kawaida lililopangwa lina thamani ya pointi 1.0. Mlinzi akijaribu kuiba akakosa, timu yake inabaki wanne kwa watano na shambulizi linapanda hadi 1.25. Akifanikiwa, mpinzani anapata sifuri na ninyi mnashambulia uwanja ulio wazi, faida ya kama 0.2 juu ya kawaida. Faida ya kufanikiwa ni 1.2, hasara ya kukosa ni 0.25. Akiiba mara 1 katika kila majaribio 6 amekaribia kurudisha gharama, akiiba mara 1 kati ya 4 ni hazina. Kwa hiyo anayejaribu mara nyingi si lazima awe mtovu wa nidhamu, kama makocha wengi wanavyopenda kusema. Hesabu majaribio yake kwenye video, maana takwimu za kawaida huandika mafanikio tu. Dyson Daniels aliiba mipira 229 msimu wa 2024-25, wastani wa 3.0 kwa mechi, kiwango ambacho hakuna aliyekifikia tangu Alvin Robertson msimu wa 1990-91. New Orleans walikuwa wamemtoa kwenda Atlanta kiangazi kilichotangulia, ndani ya biashara iliyowaletea Dejounte Murray.

Tofauti ya timu akiwa ndani na akiwa nje ni takwimu nzuri ukiwa na misimu 2 au zaidi. Ya msimu mmoja hubeba sana ubora wa wenzake. Iweke pamoja na ugumu wa aliokuwa anawakaba: mlinzi anayepewa mfungaji bora wa mpinzani kila usiku ataonekana wa kawaida mbele ya anayefichwa kona.

Orodha za tuzo zisikuongoze hata kidogo. Tangu msimu wa 2023-24 mchezaji lazima afikishe mechi 65 ili ahesabiwe. Caruso alicheza 54 msimu wa 2024-25, akawa nje ya orodha, akamaliza na pete ya ubingwa.

Je, atabaki uwanjani?

Mei 2015 Grizzlies walikuwa wakiongoza Golden State mechi 2 kwa 1. Steve Kerr, kocha wa Golden State, akamweka Andrew Bogut, sentaa wake, "amkabe" Tony Allen. Kwa kweli Bogut hakumkaba mtu: alisimama chini ya ringi na kumwachia Allen atupe kadiri apendavyo. Njia za Zach Randolph na Marc Gasol, warefu wa Grizzlies, zikajaa. Golden State wakashinda mechi 3 mfululizo, mchezo ukaisha.

Miaka miwili baadaye Houston walimfanyia André Roberson wa Oklahoma City jambo la aina hiyohiyo kwa faulo za makusudi, ili yeye ndiye atupe mitupo huru. Alipata mitupo huru 21 katika mfululizo ule akafunga 3.

Kwa hiyo weka vizingiti kabla ya kununua. Pointi tatu kutoka kona, asilimia 36 au zaidi kwa mitupo isiyopungua 150. Mitupo huru, asilimia 70. Na uamuzi: akipokea mpira akiwa wazi, atupe au aanze kudunda ndani ya nusu sekunde, kwa kuwa kusita huwapa walinzi muda wa kurudi. Kwa kijana asiye na mitupo mingi, mitupo huru hutabiri vizuri zaidi kuliko asilimia ya pointi tatu. Kanuni hii ina mwasi mmoja maarufu: Bruce Bowen wa San Antonio, msimu wa 2002-03, aliongoza ligi nzima kwa pointi tatu, asilimia 44.1, huku mitupo huru akifunga asilimia 40.4. Usijenge mpango wako juu ya Bowen mwingine.

Kutupa hufundishika kuliko watu wanavyodhani. Dort aliingia ligi akiwa na asilimia 29.7 ya pointi tatu, na mtoano wa 2020 Houston walimwacha wazi makusudi hata wakati anamtesa nyota wao James Harden, aliyefunga mitupo 4 tu kati ya 15 katika mechi ya saba. Msimu wa 2024-25 Dort alifikisha asilimia 41.2.

Na kama hatupi kabisa? Mtoe kona. Golden State walimtumia Gary Payton II, gadi wa sentimita 188, kama sentaa wakati wa kushambulia: anaweka skrini, anakata kwenda ringini, anamalizia juu. Aliingia msimu wa 2021-22 kwa nafasi ya mwisho ya kikosi na mshahara wa chini, akatwaa ubingwa. Sharti lake ni kwamba sentaa wa kweli anayesimama naye awe anaweza kutupa au kupasi kutoka nje. Wawili wasiotupa kwa wakati mmoja, kocha anaweza kuwabeba. Watatu, hapana.

Mahali pa kumpata

Drafti hulipia pointi na umri mdogo. Mlinzi aliyekaa chuo miaka 4 huachwa kwa sababu ana miaka 22 au 23. Herb Jones alichukuliwa wa 35 mwaka 2021 baada ya miaka 4 Alabama. Toumani Camara alikuwa wa 52 mwaka 2023, na kufikia 2025 alikuwa kwenye kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi. Andrew Nembhard, wa 31 mwaka 2022, ndiye aliyembana Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Oklahoma City, katika fainali za 2025. Dort, Caruso na Bowen hawakuchaguliwa kabisa.

Machaguo ya 25 hadi 60 yatumie kwa watu wa namna hii: miaka 22 na kuendelea, mikono inayozidi kimo kwa angalau sentimita 8, mipira mingi iliyoibwa na faulo chache, mitupo huru zaidi ya asilimia 70. Ukiwakosa, usiku uleule wa drafti piga simu kwa wasiochaguliwa ukiwa na mkataba wa njia mbili mkononi (wa kugawa muda kati ya timu ya NBA na ligi yake ndogo). Kila timu ina nafasi 3 za aina hiyo, nje ya zile 15.

Bei na urefu wa mkataba

Kuna madirisha mawili ya bei nafuu. La kwanza ni kabla hajajulikana: Oklahoma City walimwondoa Dort kwenye mkataba wa njia mbili kwa miaka 4 na jumla ya dola milioni 5.4. La pili hufunguka timu nyingine inapobanwa na kodi ya mishahara mikubwa. Lakers walimwacha Caruso aondoke 2021, na Chicago wakamchukua kwa miaka 4, dola milioni 37. Juni 2024 Oklahoma City walimpata kwa kumtoa Josh Giddey bila kuongeza hata chaguo moja, kiangazi kilekile ambacho New York walitoa machaguo 5 ya raundi ya kwanza kwa ajili ya Mikal Bridges. Wote wawili ni walinzi wa nje. Aliyekuwa ghali zaidi ni mwenye pointi nyingi.

Tatizo liko kwenye miaka ya mwisho. Ulinzi wa nje ni kazi ya miguu, na miguu huanza kupungua mapema kuliko mkono wa kutupa. Aprili 2024 Boston walimpa Jrue Holiday nyongeza ya mkataba ya miaka 4 yenye thamani ya takriban dola milioni 134, na miezi miwili baadaye akawasaidia kutwaa ubingwa. Mwaka uliofuata, akiwa amefikisha miaka 35 na timu imevuka kizingiti cha pili cha mishahara (kile kinacholeta vikwazo vikali vya usajili), walimpeleka Portland. Hatusemi walikosea kumsajili, ubingwa ulikuja. Ila ukimlipa mkabaji wa mwenye mpira aliyepita miaka 30, hakikisha mwaka wa mwisho hauna uhakika kamili wa malipo, au mshahara ushuke mwaka hadi mwaka. Msaidizi wa aina ya White au Caruso unaweza kumwongezea mwaka mmoja au miwili, maana anategemea macho zaidi ya kasi.

Nafasi ya 15 iache wazi mpaka Machi. Mchezaji wa mkataba wa njia mbili haruhusiwi kucheza mtoano, lazima abadilishiwe mkataba kabla msimu wa kawaida haujaisha, na kijana aliyekuonyesha skrini 20 nzuri kuanzia Januari ndiye unayemtaka uwanjani Aprili mpinzani anapoanza kumwinda gadi wako wa kwanza.